Matundu Mawili Kwenye Mpira wa Baba Matšela

Ndani ya moyo wa Khoabane Matšela mlikuwa na kiputo cheusi cha hewa, kikubwa kama yai la njiwa, na Inspekta Puseletso Monyake alikuwa amekitazama kwa nusu saa nzima. Kiputo kilikaa kwenye kioo cha kompyuta, upande wa kulia wa moyo, kimetulia tuli. Mwenye moyo alikuwa mochwari, ghorofa ya chini, siku ya nne leo.

Chumba cha mashine ya CT kilikuwa kimezungushiwa utepe wa polisi tangu Ijumaa. Ng'ambo ya dirisha zito la kioo mashine ilisimama na tundu lake kubwa, kitanda kimetolewa nje kama ulimi, na juu yake hakuna mtu. Hita ilikuwa imezimwa. Ilikuwa saa saba mchana, Julai ya Maseru, na Inspekta aliweza kuiona pumzi yake mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia Daktari Seeiso Ralebitso, mkuu wa idara ya picha, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Mama, bado uko hapa?"

"Bado, baba."

"Tefo amekiri. Karatasi unayo. Kesho saa tatu asubuhi jopo la nidhamu linakaa, linasoma, linamaliza. Unatafuta nini tena kwenye baridi hii?"

Inspekta aliitoa karatasi mfukoni akaikunjua. Tefo Letlatsa, mtaalamu wa picha, miaka ishirini na sita, alikuwa ameandika mistari mitatu tu. *Nilijaza dawa kwenye pampu. Huenda sikutoa hewa yote. Kosa ni langu.* Kwa mistari hiyo mitatu angepoteza leseni kesho, na nyuma ya leseni alisimama mwendesha mashtaka na kosa la kuua kwa uzembe.

"Nieleze kama unavyomweleza mgonjwa," Inspekta alisema. "Mgonjwa mwenye akili nzito."

Daktari alicheka kidogo, akavuta kiti.

"Mzee alikuwa na uvimbe kwenye pafu. Mishipa ya mikono yake ilikwisha kwa sindano za matibabu, kwa hiyo tulimwekea mpira wa mshipa mkuu. Unaingia chini ya mtulinga, upande wa kulia, na ncha yake inafika mlangoni pa moyo. Mkia wake unabaki nje, juu ya kifua, na klipu ya kuufungia. Sasa, ili uvimbe uonekane vizuri, tunapitisha dawa ya picha kwenye mpira huo. Pampu inasukuma mililita nne kila sekunde. Popote dawa inapopita, kwenye picha panang'aa. Pampu ikiwa na hewa, hewa nayo inakwenda moyoni, moyo unapiga povu badala ya damu, mtu anakufa. Basi."

"Mpira unastahimili kusukumwa hivyo?"

"Si kila mpira. Ipo inayopasuka. Wa kwake ni wa kustahimili, umeandikwa kwenye klipu yenyewe: mwisho mililita tano. Tefo aliweka nne. Hapo hana kosa."

"Dawa inang'aa namna gani?"

"Nyeupe. Kama ukuta uliopakwa chokaa."

"Basi nionyeshe hiyo chokaa, baba."

Daktari aliinama mbele ya kioo. Aliipeleka picha juu, akairudisha chini. Moyo wa Khoabane Matšela ulikuwa wa kijivu. Mishipa mikubwa iliyotoka moyoni ilikuwa ya kijivu. Pafu lilikuwa na uvimbe wake, nao wa kijivu. Kitu pekee kilichojitenga kwa rangi ni kile kiputo cheusi.

"Mlisukuma mililita ngapi?"

"Themanini."

"Zimekwenda wapi?"

Daktari aliifungua rekodi ya pampu, jambo ambalo kwa siku nne hakuna aliyelifanya, kwa kuwa karatasi ya Tefo ilikuwa imekwisha kusema kila kitu. Rekodi ilisema mambo mawili. Kwanza, saa nane kamili mchana, Ijumaa, pampu ilitolewa hewa na bomba lote likajaa dawa. Pili, dawa ilipoanza kusukumwa, mstari wa shinikizo ulipanda vizuri sekunde tano, na kwenye sekunde ya sita ukaporomoka.

"Kama pampu iliweza kupeleka hewa moyoni," Inspekta alisema, "mbona haikuweza kupeleka dawa? Njia si ni ile ile?"

"Ni ile ile."

Inspekta alifungua mkoba wake akatoa mfuko wa vielelezo. Ndani mlikuwa na gauni la hospitali alilokufa nalo mzee. Alivaa glavu, akalitandaza mezani. Upande wa kulia, kuanzia begani hadi mbavuni, kitambaa kilikuwa kimekakamaa kama kimetiwa wanga.

"Nilidhani ni jasho la homa," alisema. "Liguse."

Daktari naye alivaa glavu, akaligusa kwa kidole. Glavu ilinata. Aliitazama muda mrefu.

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Ikikauka inakuwa hivi, kama sukari iliyomwagika." Sauti yake ilikuwa imepoa. "Ilitokea nje. Chini ya gauni. Tefo alikuwa huku nyuma ya kioo, asingeweza kuiona."

"Kwa hiyo mpira ulikuwa na tundu nje ya mwili. Dawa ikatoka. Hewa nayo ikaingiaje?"

Daktari alivua miwani. "Pampu inapomaliza, mashine inamwambia mgonjwa: vuta pumzi ndani, ishikilie. Mtu akivuta pumzi kwa nguvu, mshipa mkuu unafyonza. Kama mpira una tundu…" Aliivaa tena miwani. "Alivuta hewa hiyo mwenyewe, mama. Alikuwa anatii."

Inspekta alitoa mkobani bahasha iliyokuwa na mpira wenyewe, kama daktari wa maiti alivyoukata na kuufunga. Aliuweka juu ya karatasi nyeupe, akausogezea taa na kioo cha kukuzia.

Tundu la kwanza lilionekana kwa macho: mpasuko mfupi, kingo zimegeuka nje. La pili lilikuwa upande wa nyuma, dogo, duara, safi. Yalitazamana.

"Pampu ikipasua mpira, inapasua wapi?"

"Palipo dhaifu. Mahali pamoja."

"Haitoboi huku ikatokea kule?"

"Haiwezi. Kuna kitu kilipita hapo katikati. Halafu pampu ikalipanua lile la mbele." Daktari alinyanyua uso. "Sindano. Huyo ni mtu wa wodini. Mama, hapo utakuwa umempata mtu wako."

Alionekana kufarijika. Wodi haikuwa idara yake.

*

Sista Nthati Khalema alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume kwa miaka kumi na tisa, na hakuwa mtu wa kusimama kwa ajili ya polisi. Alimpokea Inspekta akiwa ameketi kwenye dawati lake, blanketi juu ya sare, pini kifuani, akiandika.

"Sindano," alisema, bila kuacha kuandika. "Ameniletea sindano. Mama Inspekta, mpira ule hauhitaji sindano. Unafungua kifuniko, unazungusha, umemaliza. Sindano za wodi hii zinafungiwa kabatini, na ufunguo unalala kwenye sidiria yangu. Unataka kuja kuupekua?"

"Nitakuamini."

"Afadhali. Yupo mganga mmoja alijaribu mwaka jana, bado anatembea upande upande."

"Nani alimwandaa mzee?"

"Mimi. Mwenyewe. Nilimvua kila kitu cha chuma: saa, mkanda, meno ya bandia. Mpira niliukagua. Haukuwa na kasoro. Plasta kavu."

"Alitoka hapa amevaa nini?"

"Gauni."

"Na nini kingine?"

"Gauni, mama. Umeshaniuliza Ijumaa, umeniuliza jana. Ukija kesho nitakuambia gauni."

Inspekta aliandika *gauni*. Ilikuwa mara ya tatu kuliandika neno hilo kwenye daftari moja.

"Nani alimsukuma?"

"Mhudumu, kwa kiti cha magurudumu. Mkewe akitembea pembeni. Mnavuka uwanja ule." Sista alielekeza kalamu dirishani. Kati ya wodi na jengo la picha palikuwa na uwanja wa changarawe, upepo ukiukata katikati. Mtu mmoja alikuwa akiuvuka, amejifunika blanketi hadi masikioni. "Mwanaume mzima, kilo arobaini na tano. Upepo ule ungembeba hadi Bloemfontein."

Inspekta alimtazama yule mtu akivuka. Alitazama blanketi lake. Alitazama begani kwake, kulia, pale ambapo kila mwanaume wa nchi hii hulifunga kwa pini. Kisha alimgeukia Sista, akaitazama pini iliyokuwa kifuani pake.

Alifunga daftari.

"Sista, Ijumaa ilikuwa baridi kama leo?"

"Zaidi. Maji ya bomba yaliganda."

"Na mzee alivuka uwanja ule na gauni tu?"

Kalamu ya Sista ilisimama.

"Alikuwa na blanketi lake," alisema polepole. "Bila shaka alikuwa na blanketi lake. Hukuuliza blanketi."

*

"Mashine hii inahifadhi kila picha?" Inspekta aliuliza. Alikuwa amerudi mbio, na Daktari Ralebitso alikuwa angali pale pale, mikono kwapani.

"Kila picha. Hata tusizozitaka."

"Nataka msizozitaka."

Kabla ya picha zenyewe, Daktari alieleza, hupigwa moja ya kutafutia mahali, ya kifua kizima, hafifu. Moja inatosha. Alifungua orodha ya Ijumaa. Zilikuwepo mbili: moja ya saa nane na dakika saba, nyingine ya saa nane na dakika kumi na moja.

Ile ya pili ilikuwa safi. Aliibonyeza ya kwanza.

Kwenye bega la kulia la Khoabane Matšela palilala pini ya blanketi, ndefu kama kidole cha kati, nyeupe kuliko mfupa wowote. Mkia wa mpira ulishuka kutoka mtulingani, ukafika kwenye pini, ukaendelea upande wa pili.

Hapakuwa na aliyelitaja blanketi, kwa sababu Julai hapa hakuna anayelihesabu kuwa ni vazi. Sista hakulitaja, Daktari hakuliuliza, na Inspekta, aliyezaliwa akafungwa mgongoni ndani ya moja, alikuwa ameandika *gauni* mara tatu na kuridhika.

"Tefo aliujaribu mpira?" aliuliza.

"Ameandika kwenye fomu. Saa nane na dakika tano. Damu ilirudi, maji ya chumvi yakapita bila kuvuja."

"Na pini ikiwa imeingia?"

"Pini yenyewe ilikuwa ndiyo kizibo," Daktari alisema. "Imejaza matundu yake. Halafu anapiga picha ya kwanza, anaona chuma, anakwenda kukitoa kama inavyotakiwa. Anapiga ya pili. Safi. Anaanza."

"Bila kuujaribu mpira tena."

"Dakika sita zimepita, mama. Nani angeujaribu tena?" Alisugua uso. "Mimi nisingeujaribu."

Inspekta aliikunja karatasi ya mistari mitatu akairudisha mfukoni.

"Aliiona pini. Aliitoa kwa mkono wake. Halafu akaandika habari za hewa kwenye pampu. Baba, huyu kijana wako hakukosea. Huyu anadanganya."

*

Tefo Letlatsa alipanga chumba kimoja mtaa wa Ha Abia, cha nyuma, chenye mlango wa bati. Ndani mlikuwa na kitanda, kiti kimoja na kikombe kimoja. Sare yake ya kazi ilikuwa imefuliwa, imekunjwa, imewekwa juu ya sanduku kama kitu cha mtu mwingine. Alimpa Inspekta kiti, akabaki amesimama.

"Nani amekuja kukuona tangu Ijumaa?"

"Wewe, mama."

"Na nani?"

"Wewe jana."

Inspekta aliiweka picha ya saa nane na dakika saba juu ya kitanda. Tefo hakuiinamia. Alionekana kuijua.

"Ulipoitoa ilikuwaje?"

Kijana aliinyoosha kola ya sare iliyokuwa juu ya sanduku.

"Tefo. Sikukuuliza kama umekosea. Nimekuuliza ilikuwaje."

"Ilikuwa ngumu," alisema. "Nilidhani ni uzito wa blanketi. Nikavuta. Ikatoka. Nikamfunika miguu, nikarudi ndani. Baadaye, nilipokuwa namkandamiza kifua, mikono ikawa inateleza. Nikafunua gauni nikaona."

"Ukaelewa."

"Pale pale."

"Kutoujaribu mpira mara ya pili ni kosa, na ni lako, na ni dogo. Utaonywa, utasomeshwa upya wiki mbili. Kwa nini umeliacha dogo ukabeba kubwa la uongo?"

Tefo alitazama mlango wa bati. Upepo ulikuwa ukiugonga.

"Mkewe alikuwa nje, kwenye benchi. Nilitoka mimi kumwambia, Daktari alikuwa bado njiani. Alinishika mikono yote miwili. Akasema, 'Afadhali hakwenda na baridi. Nilimfunga mwenyewe, vizuri, kwa mkono wangu.' Alisema mara mbili. Kwa mkono wangu. Niambie, mama, wewe ungemjibu nini?"

Inspekta aliigeuza picha, uso chini.

"Hawana mtoto. Sasa hana mume. Amebakiwa na hilo tu, kwamba alimfunga vizuri. Mimi nina miaka ishirini na sita. Nitatafuta kazi nyingine."

"Gerezani hakuna kazi nyingine."

"Basi nitakaa."

"Una kiburi, unajua?"

"Labda."

"Nina picha mbili, gauni, mpira na rekodi ya pampu," Inspekta alisema. "Unadhani vinatosha? Jopo lina watu watano, na wanne hawajui moyo unakaa upande gani kwenye picha. Vitu vyangu vinataka kuelezwa asubuhi nzima. Karatasi yako inasomwa kwa dakika moja. Watachukua ipi?"

"Yangu."

"Ifute."

"Siifuti."

"Nipe sababu itakayosimama mbele ya hakimu."

"Sina." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Ila nakuomba usiende kwake. Andika unavyotaka, sema mimi mwongo, lakini usimwambie yule mama."

Inspekta alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, na akaondoka.

*

Kwa Matšela kulikuwa mtaa wa Qoaling, nyumba ya vyumba viwili juu ya mwamba. Watu walikuja jioni kusali na kuimba. Mchana kila mtu alikuwa na kazi yake. Ndani, meza na viti vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na katikati ya sakafu tupu palitandikwa godoro moja. Juu yake aliketi mjane.

Watu walimwita Mama Thakane. Jina hilo alipewa siku ya harusi, kama kila bi harusi anavyopewa jina la mtoto atakayemzaa. Thakane hakuzaliwa. Jina lilibaki.

Pembeni alikaa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye rozari, aliyekuja kutoka Mafeteng kusimamia mambo yaende yanavyopaswa.

Inspekta alivua viatu akakaa sakafuni.

"Pole sana, mama."

"Asante, mwanangu."

"Nimekuja na swali moja. Pini ya blanketi la baba iko wapi?"

Wifi aliiangusha rozari mapajani. "Maswali gani haya? Marehemu hajazikwa! Mjane yuko godoroni, wewe unaulizia pini? Nyumba yenu haina wazee?"

"Mwache," Mama Thakane alisema.

"Simwachi. Hawa polisi…"

"Wifi, mwache." Hakupandisha sauti. "Siku nne watu wanaingia hapa. Wananiambia kula. Wananiambia lala, usiwaze. Wanaimba, wanakwenda. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza kitu."

Aliingiza mkono chini ya godoro akatoa leso iliyofungwa fundo. Alilifungua kwa meno. Pini ilikuwa ndani, ya shaba, imechakaa kwa kushikwa.

"Iligoma," alisema.

Inspekta alisogea karibu na godoro.

"Nimelifunga blanketi la Khoabane miaka thelathini na nane. Kila alipopanda basi la migodini nilimfunga pale stendi, mbele ya watu, wenzake wakimcheka. Naijua pini hii inavyopita kwenye sufu. Inapita mara moja. Siku ile, pale uwanjani, iligoma. Nikamuuliza, nimekuchoma? Akasema, hapana, sukuma bwana, naganda. Nikasukuma."

"Kristo," wifi alisema taratibu.

"Ulijua lini, mama?"

"Alipotoka yule kijana. Nilimshika mikono, vidole vyake vikanata kwenye vyangu. Nikasema, kwa mkono wangu nilimfunga. Nikarudia tena." Aliigeuza pini kwenye leso. "Nilitaka anikatalie. Nilitaka aseme, mama, hapo ndipo ulipokosea. Nikamtazama mdomoni. Akanyamaza. Nikajua kwamba anajua. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza."

Inspekta alitoa ile karatasi ya mistari mitatu. Hakumpa, alimsomea. Alimweleza saa tatu ya kesho, leseni, na kinachofuata baada ya leseni. Alimweleza kwamba kijana amekataa kuifuta, na sababu yake.

Mama Thakane alisikiliza hadi mwisho.

"Anaishi na nani?"

"Peke yake."

"Kwa hiyo yeye ananyamaza kule, mimi nanyamaza hapa. Na Khoabane amelala chini ya hospitali tukimficha ukweli wa kifo chake mwenyewe."

"Mama, sheria haimshiki mke kwa kumfunika mumewe. Hilo nakuapia. Naweza kuyaandika maneno yako hapa hapa, utie sahihi, kesho niyasome mimi."

"Karatasi?" Mjane alitikisa kichwa. "Karatasi wanayo tayari, na ni nzuri kuliko yangu, ni fupi. Mimi nina mdomo. Nipeleke kwa huyo kijana sasa hivi, aifute mbele yangu. Na kesho nitakwenda naye huko barazani, nikae naye benchi moja, niseme nilichokifanya, naye aseme alichokifanya."

Wifi alikuwa amesimama kwa magoti. "Kwenda wapi? Mjane haondoki godoroni kabla ya mazishi! Ni Jumamosi, siku nne tu zimebaki. Unataka watu waseme nini juu ya kaka yangu?"

"Waseme alioa mwanamke mwenye miguu."

"Usifanye mzaha, Mama Thakane."

"Sifanyi." Alinyoosha mkono kwa Inspekta. "Nishike hapa, mwanangu. Miguu imekufa ganzi."

Inspekta alimshika chini ya kiwiko. Alikuwa mwepesi, na ilichukua muda. Goti la kwanza lilinyooka, kisha la pili, na mjane akasimama katikati ya chumba, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na leso kwa mwingine. Juu ya godoro lilibaki bonde dogo.

"Jioni watakuja kusali," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa imekatika. Sasa alikuwa analia. "Padri atakuja. Kwaya itakuja. Watakuta nini?"

Mama Thakane alikuwa amefika mlangoni, akitafuta viatu vyake kwa mguu.

"Watakuta godoro," alisema, akatoka.